Mwaka wa Mayai ya Moanda

Siku ya nane baada ya kumzika Banza, binti yake Chantal aliniketisha katika chumba chao cha mbele, mtaani Kikula, akaniwekea chai ya maziwa na mandazi mawili, kisha akanipa daftari jipya. "Papa Mwansa," akasema, "weye njo ulienda na papa kwa bahari. Utuandikie ile mwaka. Siye tunajua tu ile ya chumvi." Ile ya chumvi Banza aliisimulia kwenye kila harusi: jinsi vijana wanane wa Likasi, mji wa migodi ulio mbali na bahari, walivyofika baharini kwa mara ya kwanza maishani, yeye akachota maji kwa kikombe, akanywa, akayatema na kumgeukia mama aliyetupikia, "Mama, leo umepitisha chumvi." Watu walicheka kila mara, nami nilicheka nao huku nikiangalia sahani yangu. Kwa zaidi ya miaka arobaini, alipomaliza hapo mimi nilikaa kwa hofu nikingoja kuona kama leo ataendelea. Hakuendelea hata siku moja. Sasa amekufa, na aliyebaki kuyajua ni mimi. Mwaka ule mzee mmoja alikamatwa kwa kosa lililokuwa langu, nami nilikuwa na siku mbili nzima za kusema neno la kumwokoa. Hilo ndilo nitakaloandika; la chumvi wanalo tayari.

Tulijitolea kwa kuchaguliwa. Ndivyo mambo yalivyokwenda miaka ile ya chama kimoja. Asubuhi moja, baada ya kuimba na kucheza mbele ya bendera, mkuu wa shule alisoma majina manane na kutupongeza kwa moyo wetu wa kujitolea. Tungekwenda Moanda, mwisho kabisa wa nchi, kulinda mayai ya kasa pwani, kwa sababu wakubwa wa Kinshasa walitaka vijana wa kila mkoa waonekane wakifanya kazi pamoja kwa ajili ya mali ya taifa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumwona kasa. Lakini tulisikia vizuri maneno ya mwisho: watakaorudi na ripoti nzuri wangeingizwa maabara ya kampuni ya mgodi bila mtihani. Ambaye hakuishi Likasi wakati huo hawezi kujua maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Kuingia kampuni ilikuwa kupata nyumba kambini, gunia la unga kila mwezi, hospitali, na shule ya watoto ambao bado hujawazaa. Mimi likizo mbili nilikuwa nimefanya kazi katika chumba cha sampuli kiwandani, nikiosha mawe, nikiyaanika, nikiyaandika namba. Msimamizi wangu alikuwa akisema kwamba kitu kisicho na namba hakipo, na kwamba sampuli chafu ni sampuli ya uongo. Niliyaamini maneno hayo kuliko mahubiri ya padri.

Safari ilichukua karibu wiki tatu. Treni mpaka Ilebo, meli ya mto mpaka Kinshasa, treni tena mpaka Matadi, halafu nyuma ya lori lililobeba simenti. Tulikuwa na gunia moja la unga wa mahindi kutoka kwetu, na Banza ndiye aliyekuwa anapika bukari, ugali wa kwetu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti kubwa, na mkono wake wa kugawa ulikuwa wa haki kuliko mizani. Kwenye meli aliwagawia hata abiria tusiowajua, mpaka kiongozi wetu akamkemea. Huyo kiongozi, citoyen Kitenge (citoyen, yaani raia, ndivyo chama kilivyotuamuru kuitana), alikuwa ametumwa na chama kutoka Lubumbashi. Alivaa suti ya kola ya kusimama hata kwenye joto la Matadi, na alikuwa na kalamu mbili mfukoni: ya bluu kwa barua, nyekundu kwa ripoti zetu. "Kalamu nyekundu inakuangalia, Banza," alisema. Banza akajibu, "Inaniangalia na njaa, citoyen. Lete sahani." Tulicheka sote. Kitenge naye alicheka, kisha akaandika kitu. Kwa nyekundu.

Moanda tulilazwa katika ghala la zamani la forodha, vitanda vinane vya chuma, kuta zimeliwa na chumvi, na harufu ya mawese ambayo haikutoka hata tukipiga deki mara mbili kwa siku. Kutoka dirishani tuliona mbali baharini moto wa wachimba mafuta, na siku ya kwanza mmoja wetu alisema, "Tazama, hata huku banachoma kitu," tukajisikia karibu na nyumbani na tanuri za kiwanda chetu. Mlinzi wa pwani alikuwa Tata Mavungu, mzee mfupi mwenye miguu mipana, ambaye alishangaza kila mtu kwa kutusalimu kwa Kiswahili chetu. Ujana wake alikuwa askari kwenye kambi ya kwetu, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Jadotville, na lugha hakuisahau. "Batoto ya Jadot!" alipaza sauti, akatushika mikono mmoja mmoja. "Minye nilikulaka bukari ya kule miaka ine. Mumeniletea?" Banza akampikia siku hiyohiyo. Mzee alikula kimya mpaka sahani ikang'aa, kisha akasema sasa anaweza kufa. Mke wake, aliyetupikia, alimpiga bega kwa kitambaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kasa walipanda pwani gizani, wakachimba shimo, wakataga, wakarudi majini. Mavungu alijua kusoma njia zao mchangani. Alfajiri alitupeleka kwenye kila shimo, kwa sababu watu wa vijiji walizoea kuchimba mayai na kuyala, na kazi yetu ilikuwa kuyatoa kabla yao na kuyazika upya ndani ya uzio wa waya uliojengwa karibu na ghala, wenye lango na kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mavungu. Kasa mmoja hutaga mayai kama mia, meupe, laini, ukubwa wa mpira wa mezani, yenye ute na mchanga. Kitenge aliuliza nani anaweza kushika daftari la hesabu ya mayai, nami nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nilitaka aione kazi yangu. Nikaleta ndoo ya maji ya kisima, nikaosha kila yai, nikalikausha kwa kitambaa, nikaligeuza mkononi nitafute upande mzuri, nikaandika kwa penseli: shimo la kwanza, yai la kwanza, shimo la kwanza, yai la pili. Kisha niliyapanga kwenye sanduku la mbao kama sampuli, nikayabeba mpaka kwenye uzio na kuyamimina shimoni. Kitenge alipoliona daftari langu, alilishika kwa mikono miwili. "Hii njo kazi," akasema. "Kinshasa bataona."

Siku ya kwanza Mavungu alitazama tu. Siku ya pili alichuchumaa karibu yangu. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe: aliingiza vidole shimoni, akalishika yai kwa juu, akalinyanyua polepole bila kulizungusha hata kidogo, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa, akalishusha lilivyokuwa. "Vile umeikuta, vile uiweke," akasema. "Mutoto ameshikamana pa juu. Ukiigeuza, anakufwa. Na mayi ya kisima, hapana. Yayi haiko jiwe, mutoto ya Jadot."

"Papa," nikamjibu, nikijua Kitenge ananisikia, "siye tunatumika kazi na namba. Kama sikuiosha, namba haishike."

"Namba itaangua?"

Vijana walicheka, Banza zaidi ya wote, na masikio yangu yakawaka moto. Kama asingecheka Banza, huenda ningemsikiliza mzee. Nalisema hili si kwa kumlaumu marehemu, bali kwa sababu ndivyo nilivyokuwa: mtu aliyeweza kuua maelfu ya vitu vidogo kwa sababu amechekwa. Kitenge alimwita Mavungu kando na kumwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba mradi wa taifa hauhitaji hadithi za kijiji. Mzee alijaribu tena mara moja, wiki iliyofuata. Kisha akaacha. Aliendelea kutuonyesha mashimo, alifungua lango na kulifunga, na alipopita karibu na ndoo yangu aliangalia upande wa bahari.

Unga wetu ulikwisha kabla ya Noeli, ambayo miaka hiyo ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Tulikula chikwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa kukaushwa, na mazungumzo mezani yalikuwa yamepungua, maana barua ilikuwa imefika: kamishna mkubwa atakuja mwezi wa pili pamoja na mpiga picha, kuachia kasa wadogo baharini mbele ya watu. Kitenge alianza kuhesabu siku kwenye daftari langu. Mavungu alikuwa amesema mayai huchukua karibu miezi miwili. Siku ya shimo la kwanza ilifika, ikapita. Shimo la pili, likapita. Kila asubuhi Kitenge alisimama ndani ya uzio na suti yake, akiangalia mchanga, na sisi tulisimama nyuma yake. "Yanachelewa," alisema. Siku ya sita alisema, "Yanachelewa sana." Siku ya tisa, tuliporudi mezani, alitazama kila mmoja wetu kwa zamu, akitafuta nani wa kulaumu.

Banza ndiye aliyechimba. Ilikuwa mchana, Kitenge amekwenda posta, na lango lilikuwa wazi kwa sababu tulikuwa tunarekebisha waya. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono, na harufu ikatoka kabla ya mayai kuonekana. Aliyatoa machache akayaweka mchangani. Yalikuwa ya njano, yamebonyea, na juu yake maandiko yangu, safi kabisa, yakielekea kila upande: namba moja imelala ubavu, nyingine kichwa chini, nyingine usoni kwetu. Banza aliyatazama muda mrefu. "Mwansa," akasema mwishowe, "hata moja haiko vile iliwekwa." Nikamwambia ayafukie. Akayafukia.

Pengine mambo yangeishia katika aibu tu, kama si lililotokea siku tatu baadaye. Asubuhi, Kitenge akitembea pwani, aliona njia ndogo ndogo, kama mia, zikitoka chini ya makuti yaliyokauka kuelekea majini. Kasa walikuwa wameangua. Siyo ndani ya uzio wetu: nje, kwenye shimo ambalo Mavungu hakutuonyesha, ambalo alilifunika kwa makuti na kuliacha lilivyo. Mimi nilielewa pale pale. Mzee alikuwa ameokoa aliloweza kuokoa kutoka mikononi mwangu. Lakini Kitenge, ambaye alikuwa na kamishna njiani na uzio uliojaa uozo, alielewa kingine, au alichagua kuelewa kingine. "Yake yameangua, yetu yamekufa," alisema. "Na ufunguo iko na nani? Huyu muzee ametia sumu mali ya taifa." Neno alilotumia katika barua yake ya kalamu ya bluu lilikuwa hujuma. Miaka ile neno hilo halikuandikwa kwa mchezo. Mtu aliyeandikiwa hivyo alichukuliwa, na mara nyingi ndugu zake hawakuambiwa amepelekwa wapi.

Mtu wa usalama alifika kutoka mji wa Boma siku mbili baadaye. Siku hizo mbili ndizo nilizozitaja mwanzoni. Mavungu alifungiwa katika chumba kidogo cha nyuma ya ghala, palipowekwa kamba na ndoo, na tulipokuwa mezani tulimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Mke wake alileta chakula, akaketi nje mlangoni. Banza alinifuata nilikokuwa nafua nguo.

"Enda useme."

"Niseme nini?"

"Usinifanye mujinga, shamwale. Ile namba niliona na macho. Enda kwa Kitenge, umwambie tuligeuza mayayi, tuliyaosha. Ni kosa, haiko sumu."

"Na ripoti?"

"Ripoti itakufa. Yule muzee naye?"

Nikamwambia kama anajua yote hayo, aende aseme yeye. Banza alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Minye naweza kusema," akajibu. "Lakini ukisema weye, ni kosa lako unaitika. Nikisema minye, nakushitaki. Sitaki kukushitaki. Naomba uniokoe na hiyo." Nilimwahidi nitasema kesho. Kesho yake nilikwenda mpaka kwenye mlango wa Kitenge mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anaandika. Mara ya pili alikuwa ananyoa ndevu. Mara ya tatu aliniona, akatabasamu, akasema daftari langu ndilo kitu pekee safi katika mradi wote huu na kwamba ameliandika jina langu kwanza kwa ajili ya maabara. Nikamshukuru.

Mtu wa usalama alituhoji mezani kwetu, pale tulipokula chakula, akiwa anakula samaki wa kuchoma na kuweka mifupa kwenye ukingo wa sahani. Hakuwa mkali. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Aliniuliza maswali matatu. Mayai yalitoka mkononi mwangu yakiwa mazima? Ndiyo. Nani alikuwa na ufunguo wa lango? Mavungu. Mavungu alikuwa ameonyesha kutopenda kazi yetu? Nikasema alikuwa ameonyesha. Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Nimeishi nayo maisha yangu yote, na mpaka leo siwezi kupata ndani yake neno moja la uongo. Alifuta vidole, akanipa karatasi, nikasaini kwa mwandiko uleule mzuri wa kwenye mayai.

Baada yangu aliitwa Banza. Mlango haukufungwa vizuri, nami nilibaki ukumbini. Nilimsikia akisema, "Hakuna sumu. Tuligeuza mayayi. Yule papa alituonya, hatukusikia."

"Nani aligeuza?"

Niliegemea ukuta.

"Siye bote," akasema Banza.

"Bote ni nani? Nipe jina."

"Andika yangu, kama unatafuta jina."

Kikasikika kiti kikisukumwa, na sauti ya Kitenge ikisema kwamba kijana huyu tangu kwenye meli alikuwa na utovu wa nidhamu, ripoti yake inaonyesha, na ushahidi wake unapingana na daftari. Banza alitoka bila kusaini chochote. Alipita mbele yangu karibu kunigusa.

Mavungu walimtoa saa nne asubuhi, jua limewaka. Hawakumfunga mikono. Mke wake alimvalisha shati la pili juu ya la kwanza, akavifunga vifungo vyote mpaka shingoni, polepole, na yule mtu wa usalama akamwachia amalize. Sisi tulikuwa tumepangwa mstari mbele ya ghala. Mzee alipofika kwangu alisimama. Nilidhani atanitemea mate, nilitumaini hivyo. Akasema kwa sauti ya chini, asisikie mwingine, "Kuko shimo ingine, pale muti ilianguka. Bado siku tano, sita. Usiitie mukono. Uangalie tu mbwa." Kisha akapandishwa kwenye jipu. Alinikabidhi mimi. Mpaka leo sijui kama alifanya hivyo kwa sababu hakujua nilichosaini, au kwa sababu alijua. Siku tano, sita zilizofuata nilikuwa nafunga masanduku, nasafisha ghala kwa ajili ya kamishna ambaye mwishowe hakuja. Kwenye mti ulioanguka sikwenda. Banza alikwenda kila siku baada ya mimi kumwambia, na tulipokuwa kwenye lori la kurudi sikumuuliza aliona nini, naye hakuniambia.

Mengine watoto wa Banza wanayajua bila kujua sababu yake. Mimi niliingia maabara, nikakaa mpaka kampuni ilipoanza kushindwa kulipa watu. Baba yao jina lake lilifutwa, akauza makaa kwa baiskeli kati ya Kambove na Likasi, akapanda na kushuka vile vilima kwa miguu yake mirefu mpaka goti likakataa. Watu walisema huko baharini alilewa akampiga kiongozi. Nilisikia wakisema hivyo kwenye meza ambazo nilikuwa nimekaa, na niliendelea kula. Siku za ukame nilimletea unga wa kampuni. Alipokea, akapima nusu, akanirudishia nusu nyingine kwa mke wangu. Sikuwahi kumwomba msamaha, kwa sababu kuomba kungekuwa kukiri, na yeye ndiye pekee ambaye hakuhitaji nikiri ili ajue.

Jana nilimpelekea Chantal daftari. Hakutaka kulisoma peke yake. Alinitaka nisome mimi, kwa sauti, katika kile chumba cha mbele, mama yake akiwa ameketi mlangoni na sinia la sombe, majani ya muhogo, akichambua. Nilisoma mpaka hapo juu. Mjane aliendelea kuchambua, ila vidole vyake vilikuwa vimeanza kutupa majani mazuri pamoja na mabovu. Chantal hakulia, wala hakunifukuza, ingawa nilikuwa nimevaa viatu vya kuondoka haraka.

"Na yule muzee," akauliza, "alirudia kwake?"

"Sijui, mwanangu."

"Bibi yake? Mulimwandikia?"

"Hapana."

"Papa naye, alijua?"

"Banza aliandika barua mbili, nilimwona akizipeleka posta. Sijui kama alipata jibu."

"Na weye, miaka yote hii, haukuuliza hata mara moja?"

Akachukua daftari mkononi mwangu, akalifungua kwenye ukurasa ulio wazi na kuweka kalamu juu yake. "Andika hata hiyo jibu," akasema.

Sikuuliza.